Mtu Tuliyemzika Anaomba Chumvi

Marahaba, mwanangu Adela. Najua hujaniamkia tangu ulipozima simu, lakini naitikia hivyo hivyo, maana mama hasusiwi hata salamu.

Kesho unapanda treni kwenda Manyoni kuanza kazi ya ualimu. Jioni hii nilitakiwa niwe Simbo kwa bibi yako, nikikufungia mihogo mikavu na chupa ya mawese, nikikuhimiza mambo unayoyajua kuliko mimi. Badala yake nimekaa kwenye kigoda hapa Ujiji, kalamu mkononi, na upande wa pili wa ua baba yako anakula ugali na anaomba chumvi. Baba yako, Adela. Anaomba chumvi. Nimeiandika mara mbili kwa sababu mwenyewe siiamini.

Nilipokupigia kukupa habari ulinijibu, "Mama, baba yangu nilimzika. Huyo ni mwanaume mwingine." Ukakata. Sikulaumu. Ningeweza kupanda pikipiki nikufuate huko, lakini nikija nitalia, na ukiniona nalia utakubali kwa kunihurumia. Sitaki ukubali kwa huruma. Nataka ujue kilichotokea hapa nyumbani wakati wewe uko kwa bibi unaaga, kisha uamue mwenyewe. Mjomba wako ataleta barua hii kabla giza halijaingia. Mambo ya kuchemsha maji, ya kuchagua mwenye nyumba, ya kubeba blanketi zito, yote nayaruka.

Ilikuwa mchana wa jua kali, siku mbili tu baada ya Pasaka. Nilikuwa uani nachuja mawese. Mtu akapiga hodi, nikasema karibu bila kuinua kichwa, nikidhani ni mteja. Akasema, "Mama Adela."

Uso wa mtu unazeeka, sauti haizeeki. Niliijua kabla sijamtazama. Nikainua kichwa, nikaona mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe na shati lisilo lake, na ndani ya uso huo mgeni yakanitazama macho ya Gervas, mume wangu, ambaye Jumapili ile tu mimi na wewe tulisimama kwenye kaburi lake tukiimba.

Sasa sikiliza alichofanya mama yako, mwalimu wa shule ya Jumapili, mtu aliyewafundisha watoto wa Ujiji na Bangwe kwamba Bwana amefufuka na mauti yameshindwa. Nilichukua beseni la maji ya vyombo nikamwagia yote. "Toka!" nikapiga kelele. "Kwa jina la Yesu, toka!"

Hakutoka. Alisimama pale ukoko wa ugali umemganda begani. "Ni mimi, mama Adela. Ni Gervas."

"Gervas yuko makaburini!" nikamjibu.

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi bado sijaweza.

Kelele zikamtoa mama Zuberi nyumbani kwake na mwiko mkononi. Huyo huna haja ya kuelezwa, umekula kwake kuliko ulivyokula kwangu, na unajua kwamba mwanawe Zuberi ndiye aliyekwenda ziwani na baba yako siku ile, na hakuna aliyerudi. Mama Zuberi hakumtazama usoni. Alimtazama miguu, kwa kuwa amelelewa akiambiwa kwamba jini anaweza kuvaa sura yoyote lakini kwato hawezi kuzificha.

"Miguu ya mtu hiyo," akasema. "Tena imepasuka. Yewe, mama Adela, hebu acha makelele."

Kisha akafanya jambo ambalo limeninyima usingizi tangu siku hiyo. Macho yake yalimpita baba yako. Yakapita juu ya bega lake, yakatoka nje ya ua, yakaenda kwenye njia ya ziwani, huku na huku, mpaka mwisho wa njia. Akauliza kwa sauti ndogo sana, "Na Zuberi? Yuko nyuma?"

Baba yako akapiga magoti kwenye tope la maji yangu ya vyombo.

Nikuambie jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa. Unakumbuka tulivyomzika? Ulikuwa darasa la nne. Mtumbwi ulikutwa Bangwe umepinduka, mashine haipo, nyavu hazipo. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka. Baba yako mkubwa, Fidelis, alisema tusubiri, ziwa huwa lina namna yake ya kutoa jibu. Mimi nilikataa. Mjane ana kanga ya kuvaa na watu wa kumpa pole. Mke wa mtu aliyepotea hana kitu, hata kulia anaogopa asije akamwitia mikosi mumewe. Nikawaambia wazee wafanye kama wanavyowafanyia wote ambao ziwa limewachukua na kuwanyima ndugu mwili. Wakakata gogo la mgomba la urefu wake, wakalivika shuka, wakalilaza kaburini. Mchungaji alikataa kuja kuombea mgomba, na alikuwa na haki yake. Nikamnunia mwaka mzima.

Mila inataka mtoto wa kwanza atupe udongo kabla ya wote. Uliniuliza, "Mama, na mgomba ukichipua?" Nikakufinya. Nikakujaza udongo kiganjani, nikausukuma mkono wako. Naiona ile ngumi yako ndogo mpaka leo, ilivyokuwa haitaki kufunguka.

Baada ya hapo kaburi likawa faraja yangu. Najua inaudhi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baba yako wa makaburini hakuwa na kosa hata moja. Nilikulea kwa sifa zake, wewe ukampenda mtu niliyemtengeneza mimi kwa maneno, na kila alfajiri ya Pasaka, waumini wanapokwenda makaburini kulipokea jua na kila familia inasimama kwenye kaburi lake, sisi wawili tulisimama kwenye letu lililofagiliwa vizuri kuliko yote. Niliimba kwa nguvu kwamba wafu watafufuka. Niliimba juu ya mgomba, na sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Hapo ndipo nilipojijua wiki hii. Niliamini ufufuo, Adela, sikudanganya watoto. Ila niliutaka ule wa siku ya mwisho, wenye parapanda na mawingu, ambao hauji kuvuruga vyombo vyangu nikiwa nachuja mawese. Darasani nilikuwa nawacheka wale wanafunzi wa Bwana. Nilikuwa nawaigiza mbele ya watoto, natoa macho, natetemesha magoti, watoto wanavunjika mbavu: tazameni wanaume wazima, wameambiwa na wanawake kwamba yu hai, wamesema hizo ni porojo! Tazameni, amesimama katikati yao na bado wanadhani ni mzimu! Nimewaigiza vibaya miaka yote. Walikuwa sahihi kuogopa. Mtu aliyekufa akirudi, kila ulichokipanga juu ya kifo chake kinaanguka. Nguo zake umegawa. Machozi umeshamaliza. Hasira zako kwake ulizizika naye, na sasa nazo zimesimama uani zina njaa.

Turudi pale. Mama Zuberi aliposikia hakuna mtu nyuma, aligeuka akaingia ndani kwake. Niliapa moyoni kwamba amekwenda kuchukua panga, na kusema kweli sikuwa na nguvu ya kumzuia. Alitoka na sahani ya ugali na samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese. Akaiweka mbele ya baba yako pale pale chini.

"Kula kwanza," akamwambia. "Habari ya kifo haisimuliwi na mwenye njaa."

Akala. Nilisimama namtazama anavyokula, mdomo wangu wazi kama mjinga. Anaanzia mkiani, kichwa anakiacha mwisho, kama zamani. Kwenye mkono wa kulia lilikuwepo lile kovu la taa ya karabai alilolipata akivua dagaa kabla hatujaoana. Nilitaka niliguse, nilitie kidole, nijue. Hata yule mwanafunzi aliyesema haamini mpaka aguse, naye nilikuwa namwigiza.

Alipomaliza akasimulia, na aliposimulia alimtazama mama Zuberi, si mimi. Upepo uliwakuta mbali, mtumbwi ukapinduka, wakakaa juu ya tumbo lake wawili wameshikana mikono. Mawimbi yalikuwa yanawapiga tangu jioni. Karibu na mapambazuko mkono wa Zuberi ukateleza. Yeye wimbi likamtenga na mtumbwi, akashikilia dumu tupu, akasukumwa mpaka upande wa Kongo, wavuvi wa kule wakamwokota, wakamuuguza.

"Ningeweza kurudi mwezi ule ule," akasema. "Nauli wangenipa. Lakini nilipofikiria kupita mbele ya mlango wako, mama Zuberi, mimi niko hai, miguu ilikataa. Nikasema nitarudi mwezi ujao. Ukapita. Halafu nikaona aibu ya kuchelewa, ikaongezeka kila mwaka."

Alijipa jina jingine, akabeba mizigo bandarini Kalemie. Nilimwuliza kama kulikuwa na mwanamke. Alikuwepo, amefariki, watoto hawakupata. Nakuandikia yote kwa kuwa nimechoka kukutengenezea baba. Kilichomrudisha ni mfanyabiashara wa dagaa kutoka huku, aliyekuwa anapiga soga tu bila kumjua, akasimulia habari za mwanamke mmoja wa Ujiji na binti yake wanaofagia kaburi la mvuvi aitwaye Gervas kila Pasaka. "Nikasikia nina kaburi," baba yako akasema, "na kwamba mnalifagia. Tangu siku hiyo chakula hakikushuka."

Mama Zuberi akauliza, "Mwanangu alisema nini?"

Baba yako akainama. "Alisema utamgombeza. Alikuwa amevaa shati ulilomnunulia la Idi, bila kukuambia."

Mama Zuberi akacheka. Wallahi alicheka, maana shati hilo alilitafuta nyumba nzima. Kicheko kikageuka kilio, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia siku za msiba. Kisha akauliza, "Mkono upi?" Mimi sikuelewa. Baba yako alielewa. Akanyoosha ule wa kovu. Mama Zuberi akauchukua akaushika kwa mikono yake miwili, akaufumbata, akakaa nao muda mrefu. Mkono ule ndio wa mwisho kumshika mwanawe.

Mimi nimebeba Maandiko kwapani tangu usichana. Yeye hamwiti Bwana wangu kama ninavyomwita mimi, siku ya kiyama ana namna yake ya kuisubiri, na haikuwa nia yake kunifundisha dini yangu. Lakini nilisimama pale na beseni tupu na nikaona haya.

Nielewe vizuri. Simfananishi baba yako na Kristo. Baba yako hakufufuka, alikimbia. Kama ni kufananisha, basi huyu ni Petro, aliyekana na kurudi kwenye nyavu zake. Na unakumbuka Petro alipokelewaje? Ziwani, asubuhi, kwa moto wa makaa na samaki. Hakuulizwa chochote mpaka aliposhiba. Mimi habari hiyo naijua kwa moyo, na siku ilipokuja uani kwangu ilimkuta jirani ndiye mwenye samaki.

Na lile la kutazama nyuma. Sisi tunasema Kristo ni limbuko la waliolala. Neno hilo nimelifundisha kwa hindi la kwanza la shambani, watoto wakaitikia limbuko, limbuko, tukaenda nyumbani. Sikuwa nimelielewa mpaka macho ya mama Zuberi yalipompita baba yako yakaenda njiani. Hindi la kwanza likiiva, hakuna mkulima anayelitazama lenyewe tu. Anatazama shamba lote. Kama yule mmoja alitoka kaburini kweli, basi kila mama ana haki ya kutazama juu ya bega lake na kuuliza, na wangu? Yuko nyuma? Na kama hakutoka, njia ile ya ziwani ni tupu na itakuwa tupu milele, na mimi siwezi kumwambia hivyo mwanamke yule. Kuanzia sasa nikikiri imani kanisani nitakuwa namwona yeye amesimama na mwiko wake. Ninaamini, Adela. Naogopa kuliko zamani, na ninaamini.

Wewe ni mwalimu sasa, kwa hiyo nikutajie moja la kazi yako. Walimu mnazika watoto walio hai. Huyu mzito, huyu mwizi, huyu wa kukaa nyuma. Mnamaliza matanga yake darasa la pili. Siku akirudi mbele yako anajua kusoma utashtuka, na utatafuta beseni. Najua kwa sababu ni damu yangu uliyo nayo.

Jana tulilifukua kaburi. Baba yako mkubwa Fidelis alishikilia kwamba mtu aliyeliliwa matanga haingii kwa mlango wake mpaka waliotupa udongo wauondoe kwa mikono yao. Tukaenda, mimi, yeye na wazee wawili wa kanisa waliokuwepo siku ile. Tukachimba, tukafika chini, tukachimba tena. Hakuna kitu, Adela. Mgomba umeoza wote, shuka nayo, umebaki udongo mweusi na mizizi ya majani. Nilikaa ukingoni nikatazama shimo lile nililolifagia maisha yangu yote ya ujane, nikashikwa na baridi juani.

Fidelis akasema bado. "Shemeji, aliyetupa wa kwanza ni mtoto. Mtoto hayupo. Gervas asubiri." Kwa hiyo baba yako analala barazani kwa mama Zuberi, mtu wa kanisa kwenye mkeka wa swala uliochakaa, na mtaa mzima unapita kuchungulia.

Leo mchana nikachoka. Nikamwambia Fidelis, "Shemeji, mila zako nimezisikia, mtoto nilimsukuma mkono mara moja, sitamsukuma tena." Nikasimama mlangoni nikaita mbele ya wote, "Baba Adela, ingia."

Usidhani nimemsamehe. Ugali nimempa, msamaha bado haujaiva, na kuna maneno nitakayomwambia tukiwa wawili ambayo hata mama Zuberi asingependa kuyasikia. Nilitaka tu asikae nje.

Hakuinuka. Akasema, "Nyumba hii niliizika mimi kwanza, kabla ninyi hamjanizika. Siingii kwa mila wala kwa huruma ya mama yake. Mtoto akisema niingie, nitaingia. Akisema nirudi nilikotoka, nitaondoka kesho hiyo hiyo, na asilaumiwe na mtu."

Kwa hiyo neno limebaki kwako, na wala sikulitaka likuangukie siku ya kuondoka kwako. Ukisema hapana, kesho nitakuja stesheni peke yangu, nitakubebea begi, nitakuwa mama yako yule yule. Ukikaa kimya vilevile nitakuja. Ila nilidhani ni haki yako kujua kwamba kuna mtu hapa anasubiri kauli yako, si ya Fidelis, si ya mchungaji, wala si yangu. Washa simu tu.

Mjomba wako anapiga honi, anasema barabara ya Simbo giza likiingia haipitiki. Baba yako amemaliza kula, ameketi barazani kwa mama Zuberi anatazama huku. Ni saa ambayo kila nyumba ya mtaa huu inafungwa. Nimeinuka mara mbili kwenda kufunga mlango wetu na nimeshindwa. Uko wazi, mwanangu, na mbu wameanza kuingia.

Mama yako